Aliyekuwa Akiitikia Amina Ukumbini

Mume wangu alikufa mbele ya macho yangu Jumamosi jioni, na ukumbi mzima ulikuwa unacheka.

Sitanii. Watu wanacheka, wanapiga mapaja, mmoja nyuma yangu kapaliwa na karanga mpaka anapigwa mgongoni.

Ngoja niwaeleze, maana mkianza kuniandikia "pole dada" sasa hivi mtakuwa mmewahi. Mume wangu Malimi alishafariki zamani. Nilimzika, nikavaa nguo nyeusi, nikazivua. Ile Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa harusi pale Kirumba, naangalia sinema ya mpira kama watu wengine.

Sinema yenyewe ni Mikono ya Kipa. Wengi wenu mmeiona, na mmejaza kurasa zenu kwamba ni kali, ni noma, haijawahi kutokea. Mimi sikuwa na habari nayo. Rafiki yangu Josepha ndiye aliyenivuta.

"Odeta, twende bwana. Unashona mpaka mgongo umepinda. Ni sinema ya hapahapa Mwanza, ina mpira, ina mapenzi, utacheka."

Nikafunika cherehani, nikaenda.

Kwenye sinema kuna kipa wa timu ya ligi. Wamekwenda kucheza ugenini. Kipindi cha pili anagongana na mshambuliaji, goti linamwingia chini ya mbavu. Anainuka. Anadaka mpira mmoja. Halafu anakaa chini taratibu, kama mtu aliyedondosha kitu kwenye nyasi anakitafuta.

Gari la wagonjwa linaingia, linambeba, linakwenda getini.

Pale getini mwenyekiti wa timu yake, mzee mwenye kitambi na miwani, anasimama mbele ya gari na kutanua mikono.

"Hapiti mtu hapa. Wamefukia kitu kwenye hili geti. Kipa wangu apitishwe ukutani."

Basi wanamshusha. Wachezaji wa akiba wanambeba juujuu, wanampandisha ukuta. Jezi inanasa kwenye chupa zilizopachikwa juu, anateleza, wanamdaka mguu. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka.

Yeye yuko juu ya ukuta, nusu ndani, nusu nje. Anasema kwa sauti ndogo:

"Mlango wa uani... nimeuacha wazi. Mwambieni mke wangu afunge."

Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Oya, jamaa anakata moto anawaza mlango!"

"Mwandishi alikuwa amelala huyu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mkono wa Josepha, nimeubana mpaka akalalamika namuumiza.

Wapendwa, siku Malimi alipofariki nilirudi kutoka sokoni nikakuta mlango wetu wa uani uko wazi, kuku wameingia mpaka jikoni, wamemwaga mchele. Nilikasirika sana. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia akirudi kutoka kwenye mechi. Simu ya msiba ikaingia kabla sijamaliza kufukuza kuku.

Sikumwambia mtu habari ya mlango ule. Mama yangu mzazi hajui. Padri hajui. Ningemwambia nani, na kwa lipi? Ni mlango tu.

Sasa aliyetengeneza sinema aliyatoa wapi maneno hayo?

Niwarudishe nyuma kidogo ili msipotee.

Malimi alikuwa kipa wa Sangara FC, hawa wa kwetu, wa kupanda na kushuka daraja. Mechi yake ya mwisho ilikuwa ugenini, mji mdogo wenye uwanja wa geti moja. Mimi sikwenda. Aliyekwenda ni mama yake, Mama Wilhelmina, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mpishi wa timu.

Wanaofuata mpira wa kwetu wanajua. Timu ikisafiri haili chakula cha wenyeji, haigusi maji yao, haibadilishi nguo kwenye vyumba walivyopewa, na wakati mwingine inaruka ukuta kuingia uwanjani kuliko kupita getini. Wenyewe wanaiita ufundi. Mama Wilhelmina alikuwa anapanda basi na masufuria yake na madumu ya maji kutoka nyumbani, na wachezaji wote walikuwa wanamwita Mama.

Mimi niliambiwa hivi: Malimi aligongwa, akaanguka, akakata roho palepale golini. Hakuteseka.

Aliyeniambia ni mwenyekiti wa timu, mzee Pius. Mama Wilhelmina alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Nilimuuliza yeye mara moja tu, siku ileile.

"Mama, ni kweli hakuteseka?"

"Alilala kama alivyokuwa analala utotoni," akanijibu.

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mama mkwe wangu si wale wa kwenye simulizi mlizozoea. Ndugu zangu walipokuja kutoka Bukoba kunichukua, walisema wewe bado msichana, rudi nyumbani. Nilikataa kwa sababu ya huyu mama. Tunaishi wote Mkolani mpaka leo. Ndiye aliyemlea binti yangu Queen nikiwa nashona, ndiye anayenichemshia maji nikiumwa. Ninampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, na wao wanajua.

Jumapili asubuhi nilimkuta uani anageuza dagaa kwenye turubai. Nikachuchumaa pembeni yake.

"Mama, jana nimeona sinema ya kipa. Wamempitisha juu ya ukuta."

Mkono wake haukusimama.

"Mambo ya sinema ni ya sinema, Mama Queen."

"Anasema habari ya mlango wa uani."

"Nisogezee hilo beseni."

Nikamsogezea. Tukaishia hapo.

Kuanzia siku ile sikuwa mzima.

Nilirudi kwenye ile sinema. Nikarudi tena. Nilimdanganya Mama nakwenda kuchukua vitambaa. Josepha alikuja mara ya pili, ya tatu akakataa, akasema ninajitafutia ugonjwa.

Kijana anayeigiza kipa hafanani na Malimi hata kidogo. Lakini kuna sehemu wanampiga picha kwa nyuma, amesimama golini peke yake, anagusa nguzo ya kushoto halafu ya kulia... Hapo anakuwa ni yeye. Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya ule mgongo. Na kwa ajili ya ile sentensi ya mlango. Watu wanacheka, mimi nafumba macho, namsikia mume wangu ananituma.

Na ndipo nilipoanza kusikia kitu kingine.

Mnajua watazamaji wa kwetu, hawaangalii sinema kimyakimya. Mwenyekiti akitanua mikono getini, ukumbi unalipuka.

"Muuaji wewe!"

"Ulaaniwe, mzee!"

Na kutoka nyuma kabisa, kwenye giza, sauti ya chini inaitikia.

"Amina."

Mara ya kwanza nilidhani mtu anafanya utani. Lakini haikuwa ya utani. Ilikuwa amina ya kanisani, ya mtu anayepokea kitu mikononi.

"Usipate raha maishani!"

"Amina."

Niligeuka. Giza, vichwa, mwanga wa simu za watu. Nilimuuliza jirani yangu kama amesikia, akasema hajasikia chochote. Nilihisi sauti ile naijua, na sikutaka kujua naijulia wapi.

Huku nje nako sinema ilikuwa imewasha moto. Yule anayeigiza mwenyekiti, maskini wa Mungu, kazi yake ya kila siku ni fundi friji. Alikwenda soko la Mwaloni kununua sato, akina mama wakammwagia maji ya samaki. "Kanunue kwenye geti lako," wakamwambia. Picha ikazunguka mji mzima, watu wakafurahi.

Wachambuzi nao hawakuwa nyuma. Kuna kijana wa redio anaitwa Florian, ana sauti nzito kuliko umri wake. Aliisifu sinema, akasifu picha, akasifu muziki, halafu akasema:

"Lakini sehemu ya geti wamezidisha chumvi. Hakuna binadamu anayeweza kumzuia mgonjwa asipelekwe hospitali kwa sababu ya imani. Hakuna. Na wanaume wote wale wanamwogopa mzee mmoja mwenye kitambi? Si wangemsukuma? Mwandishi alitaka kututoa machozi kwa nguvu."

Na chini yake watu wakaandika: kweli kabisa. Na ule mlango wa uani uondolewe, unaharibu sinema.

Nikavimba. Ushahidi wangu ulikuwa ule mlango tu, lakini ulinitosha. Nikachukua simu, nikaandika kwenye ukurasa wa sinema, kwa jina langu kamili:

"Mimi ni mjane wa kipa halisi. Ilitokea kweli. Aliyesimama kwenye lile geti, popote alipo, asipate usingizi mpaka aingie kaburini."

Maneno yale yalisambaa Mwanza yote kabla sijarudisha simu mezani. Watu wakaniandikia amina, amina, amina, mpaka skrini ikajaa.

Na kwa kuwa Mwanza tunajuana, haikuchukua muda wakakumbuka mwenyekiti wa Sangara enzi zile alikuwa nani. Vijana wakampigia mzee Pius mawe kwenye bati la nyumba yake kule Nyakato. Wakaandika neno GETI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa duka lake la vifaa vya ujenzi.

Mnadhani nilimhurumia? Nilikwenda kummaliza.

Nilimkuta amepiga magoti nje ya duka anasugua ile rangi kwa brashi. Mzee wa umri wa baba yangu, na mimi Mhaya niliyelelewa kwa adabu, sikumpa hata shikamoo.

"Ulisimama mbele ya gari?"

Akaniangalia, akaendelea kusugua.

"Nilikuwepo, mama."

"Sijakuuliza kama ulikuwepo. Ulisimama?"

"Mimi nilikuwa mwenyekiti. Lolote lililofanyika siku ile ni langu."

"Mzee Pius, ulinidanganya msibani. Uliniambia alikufa golini."

"Nilikudanganya, ndiyo."

"Kwa nini?"

Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, mgongo kwenye lile neno.

"Kuna aibu ambayo mwanaume hawezi kuisema kwa mdomo wake, Mama Queen. Nenda kwa Nestory. Yeye ndiye aliyetengeneza sinema. Mimi wacha wanipige mawe, nimeshazeeka."

Sikuelewa. Nilimwacha pale, na mpaka leo naiona ile brashi yake.

Nestory nilimfahamu. Alikuwa kipa wa akiba wa Sangara, chini ya Malimi. Baadaye aliacha mpira akaanza kupiga video za harusi, kutoka hapo akaingia kwenye sinema. Nilimkuta kwenye studio yake, chumba kimoja chenye pazia jeusi.

"Shemeji, karibu, kaa."

"Nimesimama. Nani alikwambia habari ya mlango wa uani?"

Aliondoa vifaa vya kusikilizia masikioni taratibu.

"Siku ile Malimi alipotolewa, niliingia golini mimi. Ya getini sikuyaona. Mpira uliendelea, shemeji. Tulikuwa tunacheza."

"Nani alikwambia?"

"Nilisimuliwa. Aliyenisimulia alikuja hapa mwenyewe, kwa miguu yake. Akasema, tengeneza sinema, nionyeshe nilichofanya, watu wote wanione. Akalia. Mimi nikaandika kama nilivyosimuliwa."

"Kwa hiyo ni mzee Pius."

"Siyo yeye. Yule mwenyekiti nimemtunga. Nilipowasomea wenzangu hadithi ya kweli walikataa. Walisema hii watazamaji hawataivumilia, watatoka ukumbini. Nikambadilisha. Nikaweka mzee, nikampa kitambi na miwani. Mwenyekiti wa timu nani asiyependa kumchukia?"

"Nitajie jina."

"Niliapa."

"Nestory."

Hakuniangalia usoni.

"Leo jioni tunaionyesha tena, halafu kuna mjadala na wachambuzi. Njoo. Ila leo usikae mbele, shemeji. Kaa nyuma."

Nilikwenda. Nilikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, ambako viti vya plastiki vimevunjika na watu hawapendi kukaa. Safu ileile, kwenye kiti cha ukutani kabisa, alikuwepo mwanamke amejifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso.

Sinema ikaanza. Kipa akagongwa. Akadaka ule mpira mmoja. Akakaa chini.

Gari likaenda getini, mwenyekiti akatanua mikono.

"Ulaaniwe wewe mzee!"

"Amina," akasema mwanamke wa ukutani.

"Ufe vibaya!"

"Amina."

Gari kwenye sinema likawasha taa zake, ukumbi ukapata mwanga. Nikamwona.

Alikuwa Mama Wilhelmina. Mama yangu, ambaye kila jioni alikuwa ananiaga kwamba anakwenda kusali jumuiya.

Nilisogea mpaka nikagusa bega lake.

"Mama..."

Hakushtuka. Hakugeuka.

"Nyamaza kwanza, mwanangu," akaninong'oneza. "Bado hajasema ya mlango."

Basi tukakaa. Mimi na yeye, bega kwa bega, tunasubiri sentensi moja. Ikaja. Watu wakacheka. Yeye akafumba macho, na mimi nikafumba, na nikatambua kwamba siku zote zile sikuwa peke yangu niliyekuwa namfuata Malimi kwenye ule ukumbi.

Taa zikawashwa. Nestory akapanda mbele na wachambuzi. Florian wa redio akashika kipaza sauti, akaanza kushusha madini yake. Akafika palepale.

"Narudia tena, ndugu zangu. Tupende vya kwetu, lakini tuambizane ukweli. Hakuna binadamu wa kufanya vile."

Mama akasimama.

"Kijana, naomba hicho chombo."

Watu wakageuka. Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono mpaka nyuma. Nestory kule mbele aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyesimama getini," Mama akasema.

Kicheko. Mtu akapiga mluzi.

"Bibi anatafuta kiki."

"Mpeni bibi nafasi kwenye sehemu ya pili."

Mama alisubiri wanyamaze, kama anavyosubiri chungu kichemke.

"Naitwa Wilhelmina. Kipa ni mwanangu wa kwanza. Kabla ya ile mechi nilikwenda kwa mtaalamu kumwombea kinga. Nikaambiwa wenyeji wamemfukia kipa wetu getini. Akipita hapo akiwa ameumia, hafiki. Nikaamini. Mzee Pius hakusimama popote. Mzee Pius alinisihi, alinishika miguu. Daktari alinivuta, nikamng'ata mkono. Dereva akapiga honi."

Akashika fundo la kanga yake kiunoni.

"Nikashika hapa. Nikawaambia, atakayesogeza gari hili, navua nguo zote mbele yenu."

Wapendwa, msomaji ambaye si wa huku anaweza asielewe. Mama aliyekuzaa, au wa umri wa aliyekuzaa, akikuvulia nguo kwa hasira, umekwisha. Wewe na uzao wako. Hakuna mwanaume wa kwetu anayesubiri kuona. Watasukuma ng'ombe, watasukuma basi lililozama kwenye tope, lakini mama mwenye mkono kwenye fundo la kanga hawamsukumi.

"Wanaume wote wakageuza nyuso," Mama akasema. "Dereva akazima gari. Ndiyo maana wakampitisha ukutani."

Sasa hakuna aliyecheka. Florian alikuwa amekaa.

"Kuna neno sikumwambia hata Nestory, kwa hiyo kwenye sinema halipo." Sauti ikaanza kumkatika. "Mwanangu alikuwa na akili zake. Alipokuwa kwenye gari alinyoosha mkono akanishika. Akasema, Mama, nipitishe hapahapa. Mimi siogopi. Nikamwambia, nyamaza, mimi ndiye ninayejua."

Nilisikia feni za ukumbi. Nilisikia mtoto wa mtu analia nje.

Alinyoosha mkono akanishika... Hilo ndilo lililoniingia na halijatoka. Si ukuta, si mlango. Malimi wangu aliomba apite. Aliomba kwa adabu, kwa mama yake, na akanyamazishwa.

Mama alizungusha macho ukumbi mzima.

"Mbona mmenyamaza? Nimekuja hapa kila siku mnamtukana mtu asiyekuwepo, nami nikawa naitikia ili yanifikie. Leo nipo. Semeni."

Wale wa "ufe vibaya" walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Mwishowe mama mmoja, muuza samaki kwa harufu yake, akasema polepole:

"Pole, mama."

Matusi yote yale aliyabeba amesimama. Hiyo pole ndiyo iliyomwangusha. Akakaa chini kwenye saruji, na kipaza sauti kikarusha kwikwi yake mpaka mtu alipokizima.

Halafu simu zote zikanigeukia mimi.

Walishanitambua. Mjane. Yule aliyeandika laana. Walitaka nimkumbatie ili walie, au nimpige ili wapate cha kutuma. Nami nilikuwa na vyote viwili mikononi, nawaambia ukweli, sikujua kipi kitatoka.

Mama akainua uso.

"Yale maneno yako, Queen alinisomea," akasema. "Uliyaandika vizuri. Nayo niliyaitikia."

Binti yangu. Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Mtoto wangu mwenyewe alikaa kitandani kwa bibi yake akamsomea laana ya mama yake, herufi kwa herufi, akidhani anasoma habari za sinema.

Sikumkumbatia. Sikumpiga. Lile fundo la kanga lilikuwa limelegea kwa kuanguka, kanga inamtoka kiunoni mbele ya watu. Nikapiga magoti, nikamfunga upya, nikakaza.

"Simama twende nyumbani, Mama."

Tukapita katikati yao. Walitupisha njia kama wanavyopisha jeneza.

Kesho yake nilikwenda Nyakato, nikamkuta mzee Pius anafungua duka. Nikapiga goti, nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba, akaniuliza Mama ameamkaje. Hayo tu. Nikachukua brashi, nikamalizia ukuta.

Sasa sikilizeni, maana najua mtaniuliza huko chini.

Sijamsamehe. Msiniharakishe. Kuna siku namwangalia anakula ugali, nasikia "nipitishe hapahapa", natoka nje. Sijamfukuza pia, na sitamfukuza. Ndugu zangu wa Bukoba wamepiga simu wanasema huyo ni muuaji, ondoka. Niliwauliza, nani kati yenu alimpenda Malimi zaidi yake? Wakakata simu.

Na hilo ndilo funzo langu, lichukueni kama lilivyo. Mnadhani anayezuia mlango wa hospitali ni lazima awe mtu mbaya, mwenye kitambi na miwani. Mara nyingi ni yule anayempenda mgonjwa kuliko wote, maana wengine mtawasukuma, yeye hakuna mwenye ubavu wa kumsogeza. Msukumeni. Atawalaani, atawavulia nguo, msukumeni hivyohivyo. Na mgonjwa akisema nipitishe hapa, mpitisheni hapohapo aliposema.

Na wewe Florian wa redio, nakuheshimu, lakini binadamu huyo yupo. Yuko uani kwangu sasa hivi, anachambua dagaa, anajua ninachoandika. Ameniomba nisifiche jina lake, ndiyo maana sikulificha. Laana yangu nilitaka kuifuta, amenikataza.

Basi andikeni hapo chini lolote lililo moyoni mwenu. Ila mkiandika, mjue Mama Wilhelmina ameomba asomewe yote, na anayemsomea ni mtoto wa Malimi.